Mama Hakai Mpaka Mwisho

Mwalimu wa sekondari moja pale Same alinipigia simu akaniomba niende nikazungumze na wanafunzi wake juu ya namna ya kudumu katika kazi ya uigizaji na filamu. Neno "kudumu" alilivuta kwa heshima, kana kwamba nimefanya jambo la ajabu, kama kukaa chini ya maji bila kupumua. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba katika fani yetu mtu hudumu kwa sababu mbili: ama ana kipaji kikubwa, ama ana sura ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Mimi nina sura ya mtoto aliyefukuzwa nyumbani.

Sisemi kwa uchungu. Sura hii imenilisha. Mwongozaji wa kwanza kunipa kazi Dar es Salaam alinizunguka pale nilipokaa, akainamisha kichwa upande, akasema, "Huyu akisimama mlangoni na mfuko wa rambo, hata kabla hajafungua mdomo, mtu anajua kaambiwa aondoke." Akanipa mfuko wa rambo. Tangu siku hiyo nimefukuzwa na mama mzazi, mama wa kambo, bibi, na mama mkwe. Nimelaaniwa kwenye mvua ya mpira wa bustani, nimelaaniwa sebuleni kwenye makochi ya kuazima, nimelaaniwa kando ya jeneza la baba ambaye tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka. "Kuanzia leo wewe si mwanangu." Nimeambiwa hivyo na wanawake wengi kuliko walioniuliza habari za asubuhi. Mmoja wao nilikuwa nimemzidi umri, ila walimpaka unga kichwani apate mvi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nikaanza kufukuzwa na begi la kitambaa. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika maisha yangu ya sanaa.

Kwetu ni juu mlimani. Unashuka basi Makanya, upepo unakujaza vumbi la jasi masikioni, halafu unatafuta gari la kupanda, na kadiri linavyopanda ndivyo unavyochomoa nguo kwenye begi na kuzivaa moja juu ya nyingine. Ukifika kwa mama umevaa kila kitu ulichokuja nacho. Mama yangu analima maharage na tangawizi, na Jumapili anaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama wa Kilutheri. Ni mtu asiyepoteza maneno. Miaka yangu ya mwanzo mjini, kila nilipokwenda likizo, tulikuwa na mazungumzo haya haya, kwa Chasu, yaani Kipare chetu, jikoni.

"Kule Dar unafanya kazi gani?"

"Naigiza, mama."

"Najua unaigiza. Nauliza unafanya kazi gani."

Nisimlaumu sana. Kwetu anayeigiza ni yule mtoto anayeshikwa na tumbo asubuhi ya kwenda shamba na kupona wakati wa chakula. Lakini niliona kuna zaidi ya hapo, na nilidhani najua kilianzia wapi.

Kilianzia kwenye igizo la Krismasi, kanisani kwetu, nikiwa shule ya msingi. Wenzangu walipewa malaika na wachungaji wa kondoo. Mimi nilipewa mke wa mwenye nyumba ya wageni, yule anayewaambia Yusufu na Mariamu kwamba hakuna nafasi. Nilikuwa na sentensi moja tu: "Hapa pamejaa, endeleeni mbele!" Niliisema kwa moyo wangu wote, nikaubamiza mlango wa maboksi mpaka ukuta mzima wa Bethlehemu ukaanguka. Kanisa zima lilicheka, na mchungaji mwenyewe alijifuta macho. Mama hakucheka. Kesho yake aliamka akapika makande mazuri, ya maziwa, akayatia kwenye bakuli lenye mfuniko, akanibebesha, tukavuka bonde mpaka nyumbani kwa yule msichana aliyekuwa Mariamu. Mama akamwambia mama wa yule msichana, "Nimeleta chakula kidogo. Jana mtoto wangu aliwafukuza." Yule mama akapokea kwa mikono miwili, wakakaa wakazungumza kwa utulivu kama watu waliotoka kupatanishwa. Mariamu mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anacheza rede, amekwisha kusahau kwamba ni mjamzito.

Nilirudi na bakuli tupu na aibu tele. Nilielewa kwamba nimemwaibisha mama mbele ya usharika kwa kuzidisha mbwembwe, na kwamba ameona kuigiza kwangu ni utovu wa adabu ambao lazima uombewe radhi nyumba kwa nyumba.

Basi filamu yangu ya kwanza ilipotoka kwenye sidii, nilipanda mlimani na runinga na deki, nikaalika majirani, nikamweka mama kwenye kiti cha mbele. Alitazama vizuri tu, mikono mapajani, mpaka tukafika pale ninapofukuzwa. Yule mama wa kwenye filamu alipoinua kidole na kusema kuanzia leo wewe si mwanangu, mama yangu akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje. Majirani wakanitazama kwa huruma. Aliporudi nilikuwa nimeshaolewa na tajiri na kufiwa naye. Akakaa, akauliza, "Bado haijaisha?"

Ikawa ndiyo desturi. Filamu ya pili alitoka. Ya tatu alitoka. Sidii zikafa, vikaja ving'amuzi na tamthilia zisizokwisha, ambamo mtu anaweza kufukuzwa wiki nzima. Wifi yangu, mke wa kaka yangu anayeishi na mama pale nyumbani, alikuwa ananipa taarifa kwa simu bila kuombwa. "Wifi, jana umefukuzwa tena, umetoa machozi kweli kweli. Ila mama alitoka." Wifi hajawahi kunifichia habari inayoumiza.

Niseme wazi. Nimetaka mambo mengi katika kazi hii, na mengine hayana hata heshima ya kutajwa. Lakini kitu nilichokitaka kuliko vyote ni mama akae kwenye kiti chake mpaka majina yaanze kupanda mwishoni. Nilipopata waandishi wa habari wakaniuliza ndoto yangu, niliwaambia kuitangaza nchi yangu kimataifa. Uongo mtupu.

Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza filamu yangu mwenyewe, niliipeleka nyumbani. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kuikimbia filamu iliyopigwa kwenye uwanja wake, yenye mbuzi wake. Hadithi niliandika mimi, na kwa kuwa najua hadithi moja tu, ilihusu binti anayefukuzwa nyumbani. Binti alikuwa mimi, ingawa kwa umri ule nilipaswa kuwa nyumbani nafukuza wengine. Wa kuwa mama yangu nilimtoa Dar, mwanamke hodari, mwenye jina. Alisema baridi anaijua, kwake kuna kiyoyozi. Ukungu ulipoingia mpaka kitandani alipatwa na homa iliyotukatisha tamaa wote, tukamshusha Same, na alipokutana na lile jua la kule chini akapona palepale na kupanda basi la kurudi.

Mpiga picha wangu, mtu mzima mwenye kipara, mtaratibu, ndiye aliyemwona mama anapita na ndoo akasema, "Mbona huyu hapa?"

Nikamfuata mama jikoni. "Nina kazi ya kukupa. Ya kuwa mama."

"Mama wa nani?"

"Wangu."

"Hiyo ninayo," akasema, akaendelea kuchochea moto. Nikachukulia kwamba amekubali.

Na alikuwa bora kuliko sisi sote. Hakuitazama kamera hata mara moja, si kwa ufundi, ila kwa sababu haikuwa na la kumwambia. Shida ilikuwa kurudia. Tulimpiga picha akichambua maharage, mpiga picha akaomba arudie, mama akainua ungo akasema, "Haya ni safi. Nichambue nini?" Wifi akaenda kuokota vijiwe uwanjani akavichanganya upya, na mama akamwangalia kwa namna ya kumsikitikia mwanawe aliyemwoa.

Halafu tukafika kwenye sentensi. Niliyakwepa siku zote mazungumzo hayo, nikimwambia mama tutaona mbele ya safari. Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu, taa zimewashwa, yeye kwenye kigoda. Nikamwambia aseme: kuanzia leo wewe si mwanangu.

"Hayo siyasemi," akasema mama.

"Ni kuigiza tu, mama."

"Wewe ndiye unayeigiza. Mimi nikisema, nimesema."

Mpiga picha akaja akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mama, si tutayasema kwa Kiswahili tu? Siyo kwa Kipare. Hayawezi kushika."

"Mimi nimebatizwa kwa Kiswahili," mama akamjibu. "Ubatizo wangu haukushika?"

Mpiga picha akarudi kwenye kamera yake. Nikatoa wazo kwamba mama amwambie mbuzi, mimi nisiwepo kabisa, halafu tutaunganisha wenyewe. Akaniuliza mbuzi wake amekosa nini. Nikamwomba aseme nusu leo na nusu kesho. Hilo alilikataa kabla sijamaliza.

Nikapandwa na hasira. Wanawake wasionijua wala kunidai chochote walikuwa wameisema sentensi ile bila kubembelezwa, na mmoja aliisema huku anatafuna karanga. Mama yangu mzazi, mara moja tu, ananiangusha mbele ya watu niliowatoa Dar! Nikamwambia, kwa sauti ambayo hadi leo sijui niliitoa wapi, kwamba ameikimbia kazi yangu maisha yangu yote, na leo amefanikiwa kuikimbia akiwa ndani yake. Mama akavuta kanga yake begani, akabaki anaangalia chini.

Wifi ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Niseme mimi? Sauti zetu si zinalingana?" Tukakubaliana mama akae tu kwenye kigoda, anitazame, na wifi aseme akiwa pembeni ambapo kamera haimwoni. Mama hakukubali wala hakukataa. Kamera ikawashwa. Na wifi, ambaye hajawahi kuigiza popote, akaisema sentensi ile kwa raha ambayo sijaisikia kwa mwigizaji yeyote wa kulipwa. Aliisema taratibu, neno kwa neno, akimung'unya, kama mtu aliyeingoja tangu harusi yake.

Mama akasimama.

Akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji. Akasimama pale uwanja unapoishia na njia ya kushuka inapoanzia, akapiga funda, akayapuliza maji mbele yake, akasema maneno kwa Chasu, chini chini. Akapiga funda tena, akapuliza tena. Mpiga picha aliendelea kupiga picha akidhani nimeyapanga yale. Mimi nilikuwa nimesimama na begi langu, nimesahau kulia.

Zamani wazee wetu walibariki mtu namna hiyo, kwa maji ya mdomoni na maneno mema. Mchungaji hapendi, na mama ni mwanakwaya, kwa hiyo sikuwahi kumwona akifanya. Lakini maneno niliyasikia. Alikuwa anasema: "Si mimi niliyesema. Huyu ni wangu. Aende salama, arudi salama."

Alipomaliza akakung'uta kikombe, akarudi kwenye kigoda, akasema, "Haya, endeleeni."

"Mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Natengua."

Alilisema vilevile linavyosemwa kwenye taarifa ya habari, mkubwa fulani anapotenguliwa uteuzi wake.

"Lakini aliyesema ni wifi."

"Hata angekuwa askofu. Mtu anasema mwanangu si mwana, mlangoni kwangu, mimi nimekaa tu?"

Nilisikia swali langu linakuja na niliogopa kuliuliza. "Na zile za kwenye runinga?"

Akanishangaa, kana kwamba nimemuuliza kama huwa anaosha vyombo. "Sasa ulidhani huwa natoka kwenda wapi?"

Mama akawa anahesabu kwa vidole, akikumbuka. "Yule wa kwenye mvua nilimtengua mara mbili, alikuwa na kinywa kibaya. Yule wa msibani vilevile. Na ile nyingine umeme ulikatika kabla hajamaliza, sikujua atakwambia nini. Nikatengua yote."

Nikakaa chini pale pale mlangoni. Miaka yote ile niliyodhani ananikimbia, alikuwa amesimama kwenye baridi na kikombe mkononi, anapigana na wanawake waliolipwa kunilaani, anarudi ndani ameshinda, anauliza kama imeisha. Nikakumbuka bakuli la makande. Nililia kilio ambacho kingenifukuzisha kazi siku hiyohiyo, kibaya, cha kamasi, mdomo umepinda, na mpiga picha, kwa adabu yake, akazima kamera.

Filamu ile imekwenda mbali kuliko mimi. Watu wasomi wameandika juu ya yule mwigizaji mkongwe na ubunifu wake wa maji, namna alivyoamua kujibu laana kwa kimya. Mwongozaji mmoja aliniomba namba yake, ana kazi ya kumpa. Nikamfikishia mama. Akasema, "Mwambie mimi siigizi."

Tuliionyesha pia kwenye ukumbi wa usharika, kwenye shuka jeupe ukutani. Mama alikuwa kiti cha mbele, na mimi nyuma yake, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nilikuwa na hakika safari hii atakaa. Kinachotenguliwa kimeshatenguliwa, humo humo ndani ya filamu, watu wote watakiona. Sauti ya wifi ikasikika, na wifi mwenyewe akageuka aone kama watu wameitambua. Ukutani mama akasimama. Kwenye kiti cha mbele mama akasimama. Wakatoka wote wawili, kila mmoja kwa mlango wake, na mimi nikabaki natazama kiti.

Aliporudi aliniinamia sikioni. "Mashine yenu inarudia maneno," akasema. "Na mimi narudia."

Nilikwenda Same kuzungumza na wale wanafunzi. Upepo ulikuwa unapiga mabati, nikalazimika kupayuka kama mhubiri wa sokoni. Msichana mmoja akasimama akauliza siri ya kudumu ni nini. Nikamwambia ni nidhamu, kufika mapema, kukariri mistari yako na ya mwenzako, na kunywa maji. Wakaandika. Mwalimu aliposikia maji akatikisa kichwa kwa kukubali, akaongeza kwamba pia yanasaidia ngozi.

Mwaka huu hatimaye nimepandishwa cheo. Nimepewa tamthilia ambayo mimi ndiye mama. Waliniletea binti mwembamba, mgeni katika fani, na begi la kitambaa mkononi, nikamtambua mara moja: sura ileile. Huyu atadumu. Kabla ya kamera kuwashwa nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akasema Kigoma.

"Huwa anakutazama?"

"Kila siku. Anaita na majirani."

Nikaisema sentensi ile. Nimeambiwa niliisema vizuri sana, na haishangazi, nimesomeshwa na wengi. Walipoita mapumziko nikaenda nyuma ya jenereta na chupa yangu ya maji, nikaangalia upande ambao nilidhani ndio wa Kigoma, nikapiga funda, nikapuliza. Mshika sauti akanikuta, akauliza kama nimemeza inzi. Nikamwambia ndiyo.

Siku iliporushwa, mama alipiga simu. Yeye hapigi simu, hupigiwa.

"Nimekuona," akasema. "Umemfukuza mtoto wa watu."

"Ni kazi, mama."

"Najua ni kazi. Nauliza, ulimtengulia?"

"Nilimtengulia."

"Kwa maji, au kwa hizo soda zenu?"

"Kwa maji."

"Nilijua," mama akasema. "Ndiyo maana leo sikutoka. Nimekaa mpaka mwisho." Nikasikia anamwambia wifi apunguze sauti ya runinga. "Ila majina yanapanda upesi mno. La kwako sikuliona."